Kompyuta inazima kila nikirenda: nilivyoifuata volti ya 12 mpaka nikaipata

Kompyuta ya studio yangu ilikuwa haina shida kwenye kazi ndogo. Kuandika, kufungua barua pepe, hata kukata vipande vya video, yote ilifanya. Lakini nikianza kurenda video ya harusi, yaani kuitoa faili ya mwisho baada ya kuihariri, baada ya dakika chache inazima ghafla, kisha inajiwasha yenyewe. Hakuna onyo wala skrini ya bluu. Na humo ndani zimo sendofu za watu, wanapiga simu kuuliza video yao lini.

Kila niliyemweleza aliniambia nipige Windows upya. Kabla ya kufuta chochote nilifungua Event Viewer, mahali Windows inapoandika matukio yake, nikakuta neno lile lile kila ilipozima: Kernel-Power, namba 41. Namba hiyo haikuambii kilichoharibika. Inasema tu kwamba mashine ilizimika kabla Windows haijafunga kazi zake. Kilichonipa mwelekeo ni kukosekana kwa skrini ya bluu. Programu, au dereva (programu ndogo inayoendesha kifaa), ikikorofisha, mara nyingi Windows hupata nafasi ya kulalamika. Umeme ukikatika ndani ya mashine, hakuna nafasi hiyo.

Nikaanzia ukutani. Mita ya kupimia umeme niliiweka upande wa AC, umeme wa ukutani, kwenye 750, nikapima soketi: mchana volti 226, saa mbili usiku 195. Usiku kwetu kila nyumba inawasha jiko na pasi, kwa hiyo sikushangaa. Pawa saplai yangu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za 12, 5 na 3.3, iliandikwa 200 hadi 240, na kweli usiku kompyuta ilizima mapema zaidi. Lakini ilizima hata mchana kwenye 226, umeme ambao hauna kasoro. Hapo niliacha wazo la kununua stabilaiza. Ekstensheni nayo niliipima kwenye ncha yake ya mwisho, kompyuta ikiwa inafanya kazi: ilipoteza volti 3 tu, na plagi yake haikuwa ya moto.

Wazo lililofuata lilikuwa kuangalia volti ndani ya BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Laini ya volti 12 ilionyesha 12.1, safi. Programu ya kusoma vihisi ndani ya Windows ikaonyesha 8.6 kwenye laini hiyo hiyo. Hizi zote mbili zisikupeleke mbali. Ukiwa BIOS, kompyuta haifanyi kazi yoyote ya maana, kwa hiyo unaona volti za mapumziko. Na hiyo 8.6 haiwezekani: volti 12 ikishuka mpaka hapo, mashine isingebaki inawaka hata nikaisoma. Mara nyingi programu inakuwa haijui mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, imeunganisha vihisi vyake kwa hesabu gani. Ukweli uko kwenye waya.

Rangi za waya wa pawa saplai ya ATX, aina ya kawaida ya kompyuta za mezani, ni rahisi kukumbuka. Njano ni volti 12, nyekundu ni 5, chungwa ni 3.3, zambarau ni 5 ya kusubiri ambayo ipo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Nyeusi zote ni ardhi. Kijani ni ya kuwashia, na kijivu ndiyo inayoiambia mazabodi kwamba umeme uko sawa. Hiyo ya kijivu ni muhimu kuielewa: saplai ikiona volti zake zimeharibika inaiondoa ishara hiyo, na mazabodi inasimamisha kila kitu papo hapo. Laini za 12, 5 na 3.3 zinaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 5. Kwa hiyo 12 isishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6, na 5 ikae kati ya 4.75 na 5.25.

Kabla ya kuiamini mita, niliibadilishia betri. Mita hizi za njano za bei nafuu, betri yake ya volti 9 ikichoka, husoma juu kuliko hali halisi, na unaweza kusifia saplai mbovu. Niliijaribu kwanza kwenye chaja ya simu, ikasoma 5.1, nikaridhika.

Mtaani kwetu kuna mzee anayetengeneza redio na televisheni tangu nikiwa mdogo. Nilimpelekea saplai yenyewe mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamwambia nimeshaiwasha juu ya meza kwa kuunga waya wa kijani na mweusi, na inatoa 12.3. Akanirudishia hata hajaigusa. "Mwanangu, hii umeipima imelala. Irudishe kwenye mashine, uipe mzigo, halafu ipime." Maneno hayo ndiyo yaliyoniokolea pesa. Kile kipimo cha waya wa kijani, ambacho wauzaji wengi wa vifaa vilivyotumika hukufanyia dukani ili uridhike, kinathibitisha tu kwamba saplai inawaka. Haijabeba chochote.

Nikairudisha, nikaacha kasha wazi. Mita kwenye DC 20, upande wa umeme wa ndani ya kompyuta, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya pini nne iliyokuwa haina kazi, nyekundu kwenye njano. Kompyuta imetulia: 12.05. Waya mwekundu: 5.08. Nikaanza kurenda. Njano ikashuka mpaka 11.6, ikakaa kidogo, ikaendelea, 11.4, 11.3, na hapo ikazima. Nilipowasha tena na kurudia nikiangalia ile nyekundu, iliyopanda ni yenyewe, mpaka 5.21.

Moja kushuka huku nyingine inapanda ni dalili ambayo natamani kila fundi wa kompyuta aijue. Kwenye saplai nyingi za bei ya chini, 12 na 5 zinasimamiwa na mdhibiti mmoja. Kadi ya grafiki na prosesa zinavuta 12, laini hiyo inalemewa, mdhibiti anasukuma zote mbili juu ili kufidia, na ile 5 isiyo na mzigo inapanda.

Bado plagi iliyoungua ingeweza kuleta kushuka kwa aina hiyo, kwa hiyo sikuishia hapo. Nilipima njano kwa nyuma ya plagi kubwa ya pini 24, nikasukuma ncha taratibu kando ya waya bila kugusanisha pini mbili. Ilishuka sawasawa na kule kwenye pini nne. Tatizo la plagi moja lingeonekana kwenye plagi hiyo tu. Kushuka pamoja kulimaanisha ni saplai yenyewe.

Ndipo nikasoma kibandiko chake kwa makini. Kwa maandishi makubwa: wati 500. Kwenye jedwali dogo, laini ya volti 12: ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Prosesa yangu, i5-6500, inahesabiwa wati 65. Kadi ya GTX 1060, niliyoiongeza baadaye, wati 120, na kwa vipindi vifupi sana inavuta zaidi ya hapo. Hiyo ni 185, bila diski, feni na mazabodi. Saplai ilikuwa inafanya kazi ukingoni tangu siku nilipoweka kadi hiyo.

Mzee aliifungua. Mimi sikuifungua, na nakusihi usiifungue kama huna mazoea: kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi chaji, ya upande wa umeme wa ukutani huchajiwa zaidi ya volti 300 na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Upande wa pili, kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa, moja imetoa uchafu wa kahawia. Angeweza kuzibadilisha, lakini alinieleza wazi kwamba ampea 18 zitabaki 18.

Nilinunua ya wati 550 ambayo laini yake ya 12 ni ampea 45, yaani wati 540. Jina la 80 Plus lililo kwenye boksi linahusu umeme unaopotea kama joto, kwa hiyo sikuchagua kwa hilo peke yake. Nikahakikisha pia plagi zinalingana, maana baadhi ya kompyuta za ofisi za Dell na HP zina plagi zao wenyewe ambazo hazipokei saplai ya kawaida.

Vipimo vipya, saa mbili usiku, soketi ikiwa na 193: njano 12.08 kompyuta ikitulia, 11.98 ikirenda. Nyekundu 5.04 muda wote. Saplai hii inapokea kuanzia volti 100, ndiyo maana umeme mdogo wa usiku haukuisumbua. Usiku huo huo nilirenda sendofu mbili mfululizo, na asubuhi wenyewe wakaja kuzichukua.