Siku moja na fundi wa bustani Nakuru: vitalu ninavyovipenda na vichaka vinavyoikubali ardhi yetu

Saa kumi na moja alfajiri

Mvua ya masika imeshika, na kwa sisi mafundi wa bustani wa Nakuru huu ndio msimu wa kutafuta riziki. Kabla ya chai natoka nje na tochi ya simu, nachomeka kidole udongoni. Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, usiokaa na maji. Usiku mvua inaweza kupiga mabati mpaka usisikie mwenzako anasema nini, kisha asubuhi ukichimba kidogo tu unakuta vumbi. Leo kidole kimeingia chote na kutoka kimeshikwa na udongo. Basi ni siku ya kupanda, kupogoa kutangoja.

Mimea ya ndani naimwagilia kwanza, kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa chini ya gata. Jambo hili namweleza kila mteja, hata asiponiuliza. Maji ya visima vingi huku Nakuru, na Bonde la Ufa kwa jumla, yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkeno. Ndiyo iliyowaachia meno ya kahawia wengi waliokulia huku. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya kwetu vinapita hapo. Mimea nayo inaumia, hasa dresina na ule mmea wa buibui wenye majani ya mistari myeupe. Utaona ncha ya jani imekauka na kugeuka kahawia huku sehemu iliyobaki ni kijani kibichi. Mwenye nyumba anadhani ni kiu, anaongeza maji yaleyale ya kisima, na ncha zinazidi kuungua. Kuchemsha hakusaidii kitu, kwa sababu floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa ya kuwatengenezea watu vichujio vya mkaa wa mifupa kwa ajili ya maji ya kunywa. Kwa mimea, pipa la mvua linatosha kabisa.

Saa moja na nusu asubuhi

Kitalu ninachokipenda kuliko vyote kiko kando ya barabara ya kwenda Njoro. Hakina bango. Mwenyewe ni mzee ambaye sote tunamwita Guka, na anafungua mapema kuliko wenzake wote.

Nikiulizwa kwa nini napita vitalu vingine vyenye maua mengi nikaenda kwa Guka, nina sababu zangu. Ya kwanza ni kwamba nyuma ya miche yake kuna mimea mama, imepandwa ardhini na imekomaa. Ukitaka plambago, unaiona ile ya miaka mingi imeinama na maua yake ya samawati, unajua kichaka hiki kikikua kitataka nafasi gani. Vitalu vingi vinakuonyesha mche wa futi moja tu, na mteja anaenda kuupanda chini ya dirisha bila kujua utakuja kumzibia mwanga. Pili, wiki za mwisho kabla ya kuuza Guka huitoa miche kwenye kivuli cha neti na kuiweka juani. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja hadi ua la mteja huko Lanet, jua la saa saba linaubabua siku hiyohiyo.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, Guka hakatai uangalie mizizi.

"Toa tu mwanangu, usiogope. Ukiona ni mbaya, rudisha."

Nachukua duranta ya majani ya dhahabu, naigeuza juu chini, shina likiwa katikati ya vidole, nabonyeza pande za mfuko na kuuvuta taratibu. Bonge la udongo linatoka zima. Mizizi ni myeupe, mingi, imefika ukingoni bila kujizungusha. Huu nauweka upande wangu. Wa pili ni mrefu zaidi na una maua tayari, lakini chini mizizi imekuwa ya kahawia, minene, inazunguka duara juu ya duara. Mche wa namna hii umekaa kitaluni muda mrefu mno. Ukiupanda hivyo, mizizi itaendelea kuzunguka palepale na kichaka hakitashika ardhi. Ukilazimika kuuchukua, uikate ile mizizi wima kwa kisu sehemu tatu au nne ili itoe mipya ya kwenda nje. Lakini kwa nini uulipie wakati mzuri uko kando yake? Mimi sinunui maua, nanunua mizizi. Maua yaliyoko leo yataanguka wiki hii.

Bogenvilia siitoi mfukoni namna hiyo. Mizizi yake ni laini, inakatika ovyo, na haipendi kusumbuliwa. Hiyo naiangalia chini ya mfuko tu, kwenye yale matundu, na wakati wa kupanda nauchana mfuko kwa wembe mche ukiwa tayari shimoni. Watu wengi wanalalamika kwamba bogenvilia zao ni majani matupu. Mara nyingi zimeshibishwa mbolea na maji. Ipe jua la siku nzima, uiache ikaukiwe kidogo, nayo itajaa rangi. Zile rangi zenyewe ni majani yaliyogeuka. Ua halisi ni lile dogo jeupe lililo katikati, na linafaa kutazamwa kwa karibu.

Kabla sijaondoka namuuliza kama ana miche ya leleshwa, kile kichaka cha kwetu chenye majani ya rangi ya fedha. Anacheka. "Nani atanunua leleshwa, na iko bure porini?"

Saa tatu

Napitia kitalu cha akina mama upande wa Lanet kuchukua michongoma, ile inayoitwa pia kayaba. Hawa ndio ninaowaamini kwa miche ya ua, kwa sababu wanaipanda kwa mbegu kwa wingi na yote inalingana urefu. Ua ukianza na miche isiyolingana, ile mirefu itainyima mwanga mifupi na utaishia na mapengo. Tunapatana bei bila vuta nikuvute nyingi, tukutuku inapakiwa, twende.

Saa nne

Mteja wa Kiamunyi ni mwalimu mstaafu. Alitaka ua wa saiprasi kama ule wa nyumbani kwao alipokuwa kijana. Nilishamweleza kwa simu, na leo tunarudia tukiwa tumesimama kwenye mpaka wa ploti.

"Mwalimu, unakumbuka zilivyokauka?"

"Nakumbuka. Upande mmoja unakuwa kama umechomwa moto."

Ni vidukari vya saiprasi, wadudu walioonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1990 na kuzimaliza nyua za watu miaka iliyofuata. Wananyonya utomvu wa vijitawi, na tawi linakauka kuanzia ndani. Saiprasi bado inapandwa, na pengine atabahatika, lakini ua ni kitu cha kukaa miaka thelathini na sitaki kumpandia wasiwasi.

Tumekubaliana michongoma upande wa barabara. Asili yake ni kusini mwa Afrika, inavumilia ukame, haisumbuliwi sana na wadudu, na miiba yake kila mtu anaijua. Hata methali inasema kuparamia mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tunachimba mtaro mmoja wa kina cha futi moja na nusu, tunachanganya udongo na samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, kisha tunapanda mistari miwili kwa kupishana, futi moja kati ya mche na mche. Samadi mbichi usiiweke. Inapata joto ikioza na kuunguza mizizi. Juu tunafunika kwa nyasi kavu, tukiacha shina lipumue. Na mara tu miche itakaposhika nitakuja kuikata vichwa. Mwalimu anashtuka kusikia hivyo, lakini ua usiokatwa mapema unakimbilia juu na kubaki na miguu mitupu ambayo mbwa na kuku wanapitia.

Upande wa ndani wajukuu wanacheza, kwa hiyo nimekataa vitu vitatu: oleanda, ambayo ina sumu kuanzia jani hadi shina, mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, na zile duranta nilizonunua asubuhi, kwa sababu tunda lake dogo la manjano linawavutia watoto na lina sumu. Duranta zinakwenda kwa mteja mwingine, asiye na watoto. Hapa kwa Mwalimu naweka rozmari kando ya njia, ili ukipita uiguse inukie, na nyuma yake plambago. Mwisho, karibu na dirisha la sebule, kichaka cha leonotisi, chenye maua ya rangi ya chungwa yaliyopangwa kwa mafungu kuzunguka shina. Chozi, wale ndege wadogo wanaong'aa, hawataacha kuja, na Mwalimu atawaona akiwa ameketi kwenye kiti chake.

Saa saba na nusu

Githeri, parachichi, chai. Nusu saa tu.

Saa nane

Karibu na Section 58, ghorofa ya nne, msichana aliyeanza kazi juzijuzi. Ananiita anti. Ana roshani ya hatua tatu na anataka "bustani". Nafurahia kazi hizi ndogo kuliko ninavyofurahia viwanja vikubwa, kwa sababu kila chombo kinabidi kifikiriwe.

Kwanza uzito. Udongo uliolowa ni mzito, na juu huku hatupandishi pipa la udongo mtupu. Nachanganya udongo, mboji, na vile vijiwe vyepesi vya volkeno vyenye matundu, ambavyo Bonde la Ufa limetupa bila hesabu. Vinapunguza uzito na kuingiza hewa kwenye mizizi. Vyombo ni ndoo za rangi zilizooshwa vizuri na jeriken ya lita 20 iliyokatwa ubavuni, vyote vimetobolewa chini. Pili upepo, ambao alasiri unavuma kutoka ziwani na kukausha majani laini. Ukingoni naweka jeranium na mmea wa nyoka, wagumu wote wawili. Nyuma yao, palipotulia, managu, dania na minti. Minti ikae chombo chake peke yake. Ukiichanganya na dania, mwezi ujao dania hutaiona.

Anauliza kama anaweza kupata haidrenjia ya buluu kama aliyoiona Molo. Namwambia mmea ni uleule, kinachobadilisha rangi ni udongo. Kwenye udongo wenye tindikali mizizi inapata alumini na ua linatoka buluu. Udongo usio na tindikali unatoa ua la pinki. Kwenye ndoo anaweza kujaribu, kwa maji ya mvua na kivuli cha mchana. Ameandika kila neno kwenye simu yake, na mimi napenda mteja wa hivyo.

Saa kumi

Hii ndiyo safari niliyokuwa naingoja. Upande wa Rongai kuna shamba linalokatwakatwa kuwa ploti, na mwenye shamba ameniruhusu kuchimba machipukizi ya leleshwa kabla ya tingatinga kufika. Msituni siendi kuchimba. Misitu ya serikali ina wenyewe na inataka kibali.

Naomba kila mwenye ploti aliyeanza kwa kufyeka kila kitu anisikilize. Leleshwa ilikuwa hapa kabla yetu. Haihitaji mbolea, haihitaji kisima, na miezi ya Januari na Februari wakati bustani za mjini zinaomba maji yenyewe imesimama na rangi yake ya fedha. Chukua jani moja uligeuze. Juu ni kijani cha kufifia, chini ni jeupe, laini kama kitambaa cha velveti. Lisugue kwa kidole gumba na harufu ya kafuri inabaki mkononi mpaka ufike nyumbani. Inakubali kukatwa, kwa hiyo unaweza kuifanya ua mnene au kuiacha iwe mti mdogo. Ukiiweka nyuma ya bogenvilia nyekundu, hakuna kichaka cha kigeni kitakachokupa rangi kama hizo. Tumezoea kuiona ikigeuzwa makaa, ndiyo maana hatuioni kama mmea wa bustani.

Mbegu zake zina pamba na huota kwa shida, kwa hiyo nategemea machipukizi ya mizizi. Nachimba kwa upana, nakata mzizi unaounganisha chipukizi na mama, naacha udongo ukiwa umeushika, na kuyafunga machipukizi kwa gunia lililoloweshwa. Majani nayapunguza nusu ili mmea usipoteze maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Mvua inaanza kudondoka tukipakia, na kwa machipukizi hakuna hali ya hewa bora kuliko hii.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Nyumbani. Machipukizi yameingia mifukoni, mchanga mwingi na mboji kidogo, yako chini ya mwembe. Vijiti vya rozmari nilivyokata kwa Mwalimu, urefu wa kidole, nimevitoa majani ya chini na kuvichomeka kwenye mchanga.

Ujumbe wa Mwalimu umeingia. Anauliza kama leleshwa niliyomsimulia inaweza kukaa karibu na geti. Nimemjibu inaweza, lakini angoje machipukizi yashike kwanza, nami nitamletea kabla masika hayajaisha. Aipe mita mbili kutoka ukutani, maana itapanuka, na asiiwekee samadi hata kidogo.