Kotoni ilivyoacha kuoza shambani kwangu

Hapa Paje, Zanzibar, maji ya ufukweni yakipata joto kali mwani aina ya kotoni huwa mweupe, hulainika na kukatika. Aina nyingine, spinosamu, huvumilia, ila bei yake ndogo. Vigingi vya kufungia kamba za mwani navyo vilikaa juu ya nyasi bahari, tukazikanyaga kila bamvu, maji yanapokupwa sana.

Nilitupa mwani wote mgonjwa, nikatafuta mbegu safi, nikahamishia kamba kwenye maji ya kina kirefu. Zinaelea kwa chupa tupu. Nanga ni magunia ya mchanga, yamewekwa mbali na nyasi na matumbawe. Kotoni inakua vizuri, nyasi za zamani zinachipua. Gharama ya mashua inauma kweli, na asiyejua kuogelea asiende peke yake. Samaki aina ya tasi wanaokuja kuutafuna mwani nimewategea dema, mtego wa kusuka.