Mkenya wa nyuma kabisa

Jumapili iliyopita, nikiwa nimebakiza kama mita 200 nimalize kilomita 10 zangu za kwanza, mshereheshaji aliyesimama pale kwenye utepe akaiona fulana yangu. Ilikuwa na bendera ya Kenya, kosa langu mwenyewe. Akainua kipaza sauti: "Eh, jamani, hebu tazameni, si Mkenya yule? Kumbe na Kenya kuna wa hivi!" Watu wakaangua kicheko. Walikuwa wameshamaliza, jasho limeshawakauka, madafu mkononi. Nafasi ya kucheka walikuwa nayo.

Nina miaka miwili na nusu hapa Dar es Salaam na nimeshachekwa kwa mengi, hasa Kiswahili changu. Nimezoea. Lakini hili la mbio limenikaa kooni wiki nzima, ndiyo maana naliandika.

Nyinyi mlioko nyumbani mnanijua. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Mbio za Kenya zina wenyewe, na wenyewe wako Iten na Kapsabet huko. Nimeishi Kasarani, ule mtaa wa Nairobi wenye uwanja mkubwa wa michezo, miaka sita, uwanjani nimeingia mara mbili, na zote mbili ilikuwa mikutano ya maombi. Sasa mweleze hayo mtu wa Dar. Kwake Kenya ni kijiji kimoja cha watu wembamba wanaoamka saa kumi alfajiri, wakanywa maziwa lala, wakakimbia mpaka Uganda na kurudi.

Ndiyo hiyo iliyoniponza. Mwezi wa Sita bosi wetu alitangaza kwamba ofisi itapeleka timu kwenye mbio za hisani, kisha akanitazama akitabasamu: "Safari hii tuna Mkenya." Jina langu likawa la kwanza kwenye karatasi. Mbio za hisani hapa haziishi. Leo za kuchangia matibabu ya watoto, kesho za madawati ya shule, na zote wanaziita marathoni hata kama ni kilomita 5. Mtu anakwambia kwa kifua mbele kwamba amemaliza marathoni, ukimdodosa unakuta alitoka Oysterbay akarudi Oysterbay. Kiingilio ni 35,000, unapata fulana, namba ya kifuani, maji na medali. Gawanya kwa ishirini upate shilingi za Kenya, uone kama kwenu unapata hivyo vyote. Kampuni ilinilipia, kwa hiyo hata kisingizio cha pesa sikuwa nacho. Raba nilijinunulia mwenyewe, mitumba ya soko la Karume. Kijana aliposikia lafudhi yangu alianzia 80,000. Tukaachana kwa 45,000, na bado nahisi niliibiwa.

Kwa kuwa nimetaja pesa, wale mnaonitumia ujumbe kila siku "niambie Bongo kukoje, nataka kuja": njoo na kodi ya miezi sita mkononi, ikiwezekana ya mwaka. Hakuna mambo ya kulipa mwezi na dipositi. Mwenye nyumba wangu nilipomwambia nitakuwa namlipa kila tarehe tano, alinitazama kama niliyemwomba figo. Kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ni karatasi mbili tofauti, hakikisha mmeandikiana na mwajiri nani analipia nini. Na ule mpango wenu wa kuja kufungua saluni au kibanda cha kutuma pesa kwa simu, usahauni. Tangu Julai 2025 kuna amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15 ndogondogo, na hizo zimo. Mengine nitaandika siku nyingine, nikiwa na hasira nayo.

Turudi kwenye zile mbio za ofisi. Nilifanya mazoezi wiki mbili, mara nne kwa jumla. Natoka getini kwa kasi zote mpaka njia panda, nashikilia nguzo ya umeme nione kama nitatapika, narudi kwa mguu. Nilidhani hayo ndiyo mazoezi.

Siku yenyewe ilikuwa Julai, kipupwe, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, yaani hali nzuri kabisa kwa Dar. Saa kumi na mbili asubuhi tukaachiwa. Nikatoka na wale wa mbele. Kwa dakika kama moja na nusu hivi nilikuwa fahari ya Afrika Mashariki. Kilomita ya pili kichomi kikanishika ubavuni kama mtu ananikamua limau humo ndani, nikaanza kutembea. Akanipita baba anasukuma kigari cha mtoto. Akanipita mdada anaongea na simu. Na kila anayepita: "Pole, dada." "Pole sana, dada." Watu hawa wana pole ya kila kitu, lakini siku ile kila pole ilikuwa kofi. Nilimaliza kilomita 5 hizo kwa dakika 44, na mhasibu mwenzangu mwenye kitambi alikuwa ameshakula mihogo pale Coco Beach na kachumbari yake, ananipungia mkono.

Kila mtu alikuwa ameniambia ukitoka nchi ya juu ukashuka pwani utapaa. Hakuna aliyenieleza habari ya unyevu. Kwetu Machakos jasho linakauka likiwa bado njiani. Hapa linakaa mwilini kama mgeni aliyekuja na sanduku. Mwili unapoa jasho linapokauka; hewa ikiwa imejaa maji tayari, jasho linatiririka tu bila kazi, joto linabaki ndani na moyo unapiga ngoma. Mwendo ambao Nairobi ungeongea nao na simu, hapa unakulaza.

Jumatatu yake nikamkuta mzee mlinzi wa jengo letu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, nasikia ulitoka na wa mbele?" Nikakiri. Akavuta kiti. Akanihadithia Filbert Bayi, mkimbiaji wao wa Tanzania, Christchurch kule New Zealand, mwaka 1974, mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola: alivyotoka mbele tangu mlio wa bastola, akakaa mbele peke yake, wenzake wakamfukuza mpaka mwisho wasimpate, akaweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. "Na Mkenya wenu Jipcho akawa wa tatu," akaongeza, na hapo ndipo nilipojua hadithi ilikuwa inaelekea wapi. Kisha akanitazama miguu, taratibu, kuanzia kwenye raba. "Bayi aliweza kutoka mbele, mwanangu. Wewe si Bayi."

Raba zikaingia chini ya kitanda, zikakaa wiki tatu. Nilikuwa nimepakua programu ya mazoezi kwenye simu, kila jioni inalia kwamba leo ni siku yangu nzuri ya kukimbia. Nikaizima sauti, halafu nikaifuta.

Aliyenitoa kitandani ni muuza vitumbua wa mtaani kwetu Mwananyamala. Siku hiyo raba nilikuwa nimeziosha nikazianika dirishani, nina mpango wa kuziuza. Akaziona. "Mwanangu, hizo umenunua za kuangalia? Jumapili, saa kumi na moja na nusu, hapa hapa." Ni mama wa miaka hamsini na kitu. Nikadhani anatania.

Kama hujafika Dar hujui joging. Ni vikundi vya mitaani, kila kikundi na fulana zake na jina lake, na Jumapili alfajiri wanapita barabarani mamia kwa mamia, filimbi mdomoni, wanaimba. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawalaani chini ya shuka. Wenyewe wamekuzwa na kitu kinaitwa mchakamchaka, walikuwa wanakimbizwa shuleni asubuhi huku wanaimba, na mtu wa miaka sitini ukimwanzishia anaitikia bila kufikiri. Sisi shuleni tulikuwa tunakimbizwa na fimbo tu, bila nyimbo.

Jumapili ile ya kwanza aibu ilikuwa ya mwendo. Tulikwenda polepole mno, nikawaza wachukuzi wenye mikokoteni watatupita. Mwimbishaji anaimba mstari, sisi tunaitikia, miguu inashika wimbo. Nikataka kusogea mbele, mama akanivuta fulana: "Itikia." Nikaongeza mwendo kidogo, pumzi ikakata, sikuweza kuitikia. "Umeona? Huwezi kuitikia, rudi." Ndiyo siri yote. Hakuna saa wala mashine ya kupima moyo. Kiitikio kikianza kupwaya, mwimbishaji anasikia, anapunguza. Kikirudi na nguvu, anaongeza. Tukapita njia panda ya Morocco, tukateremka Oysterbay, nikiwa bado nasubiri kichomi kije, na nilipoinua macho bahari ilikuwa mbele yangu. Sikuwa nimesimama hata mara moja.

Mnaniuliza motisha naipata wapi. Motisha ni daftari. Ukikosa bila kutoa taarifa, faini 2,000, na mhazini anasoma majina kwa sauti mbele ya supu. Bob mia hivi, lakini kusomwa mbele ya watu wanaokunywa supu ya kongoro, sijui niwaeleze vipi. Siku za katikati ya wiki, Jumanne na Alhamisi, nakimbia na mama na wengine wawili tu, nusu saa, dakika tano mbio na moja mguu tulipoanza, sasa mbio tupu. Ugoko ukiuma napumzika. Mama hana huruma na faini ila ugoko anauheshimu.

Agosti nikaugua malaria. Jumapili mbili sikuonekana, na taarifa nilisahau kutoa. Ya tatu, alfajiri, nasikia filimbi, nasikia wimbo unakaribia, halafu hauondoki. Wako getini, watu kama arobaini, wanakimbia palepale waliposimama, wananiimbia. Mwenye nyumba alitoka na singlendi akiwa na hasira, akaishia kuitikia. Mama akaingia ndani na mtungi wa uji, na mhazini akaniachia bahasha ya mchango, 60,000, kisha akanikumbusha kwamba faini zangu mbili ziko palepale. Kasarani nililala na homa siku nne jirani asijue, na ukuta wetu ulikuwa mmoja. Hiyo ni kweli, na inaniuma kuiandika.

Basi ningekuwa nimetulia, kama si Simbu. Jumatatu ya tarehe 15 Septemba Dar iliamka na habari kwamba Alphonce Simbu ameshinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo, saa 2:09:48, amempita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe wenyewe kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Ofisini niliingia saa mbili, wote wamesimama mlangoni wananisubiri, bosi mbele. "Dada, si nyinyi mlikuwa mnatufundisha kukimbia?" Nikawakumbusha kwamba marathoni ya wanawake, Jumapili ya jana yake, alishinda Peres Jepchirchir wetu. Hakuna aliyenisikia. Mzee mlinzi hakusema neno, alinyoosha kidole kimoja juu, cha dhahabu. Nadhani ndiyo siku niliyoagiza ile fulana ya bendera, kwa hasira tu.

Na ndiyo niliyovaa Jumapili iliyopita, kwenye zile kilomita 10. Kuvuka Daraja la Tanzanite asubuhi, lile walilofungua 2022, ni raha kwenda: bahari pande zote, upepo, watu wanapiga picha. Kurudi ndiyo kazi. Ni kilomita moja na ushee ya zege bila kivuli hata cha kunguru, jua limeshapanda, na Oktoba si Julai. Nilikwenda mwendo wa kuitikia tangu mwanzo, naimba moyoni, watu wananipita nikawaacha wapite. Kikundi chetu walishatangulia, nao nikawaruhusu. Baada ya saa moja na dakika ishirini na kitu nikaanza kuuona utepe, na hapo yule bwana na kipaza sauti chake.

Aliposema vile miguu ilikata. Nilitaka kutoka pembeni kweli, nipande bajaji. Halafu nikasikia filimbi. Walikuwa wanatoka upande wa utepe, medali shingoni, wanarudi kinyume na njia, mama mbele na kanga yake kiunoni. Wakanizunguka. Mwimbishaji akaanza, wakaitikia, nikaitikia, tukaenda kundi zima kama Jumapili yoyote ile ya Mwananyamala. Bwana kipaza akawa anauliza, "Mkenya yuko wapi sasa? Mkenya yuko wapi?" na sauti ya mama ikamjibu kutoka katikati, "Sote!"

Pale kwenye madafu niliivua ile fulana nikabaki na ya kikundi niliyoivaa ndani. Mama akaitazama, akaipima mabegani, akasema rangi zinampendeza. Nikampa.

Juzi asubuhi nimepita kununua vitumbua. Ameivaa, kikaango kinachemka, na kijana wa bodaboda amesimama juu ya pikipiki: "We Mkenya, nipe vitano." Mama hakuinua hata macho kwenye mafuta.

"Sema naomba."