Mpaka wawe kumi

Mama Shiro hakunifokea. Angenifokea ningelala. Alisimama pale kwa muuza mboga, kitabu cha kliniki kwapani, akaniuliza polepole: "Mama Kevo, kwani mtoto wangu si mtoto mpaka wawe kumi?"

Nikamjibu sista wa kliniki ana sababu zake. Akasema, "Sawa." Akachagua sukuma wiki yake, akalipa, akaenda. Wiki hii wazee wamekuja kumposa mdogo wangu na Baba Kevo amepata kibarua Athi River, lakini mimi nikikaa nasikia hiyo "sawa" tu.

Shiro ametimiza miezi 18. Surua-rubela ya kwanza alichanjwa akiwa na miezi 9. Hii ni ya pili, ile wengi huiacha kwa sababu mtoto keshaanza kukimbia na kliniki za kila mwezi zimekwisha. Nilipopita kumkumbusha, mama yake aliomba ruhusa huko Eastleigh anakofua nguo, na siku usipofua hulipwi. Kufika kituoni, watoto walikuwa watatu. Akaambiwa arudi wakiwa wengi.

Sababu ya sista naijua. Chupa moja inachanja watoto 10. Dawa ni unga, na ukishachanganywa na maji yake una saa 6 tu, inayobaki inamwagwa. Na tangu 2025, chanjo ya kifua kikuu na ya polio zilipoadimika nchini, vituo vinabana kila tone. Hofu yake naielewa kabisa. Ila Shirika la Afya Duniani linasema chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mimi nasimama hapo. Dawa iliyomwagwa huagizwa nyingine. Mama aliyepoteza kibarua cha siku, ukimwambia arudi, atarudi na nini?

Surua yenyewe haisubiri hesabu. Mgonjwa akitoka chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa 2. Ploti zetu unazijua: korido moja nyembamba, milango inatazamana, watoto wote wanacheza hapo hapo. Ili isienee, watoto 95 katika kila 100 wanahitaji dozi zote mbili.

Jana jioni nilimpigia sista. Nilijiandaa kubishana. Akanikatiza: "Mlete kesho, hata akiwa peke yake. Yule mama alinitazama, sikupenda."

Leo asubuhi nikagonga mlango wa Mama Shiro, na majirani wawili wakatoka na vitabu vyao pia. Shiro alilia kidogo tu, akanyamazishwa na ndizi. Mama yake alifungua kitabu palepale, akaweka kidole kwenye tarehe mpya, akanionyesha. Nimefurahi mpaka nikasahau kula.

Sasa Kevo. Amepangiwa shule ya bweni Kakamega, na orodha imekuja: godoro, sanduku, blanketi, viatu jozi mbili. Nauli bado sijaitaja.