Jumamosi ya kuoga, Kirumba, Mwanza

Ile Jumamosi ya kuwapa wanaolala mitaani mahali pa kuoga tulianza kuiandaa Alhamisi, kwa sababu ya kichocho. Bomba la mtaani lilikuwa kavu, na maji ya ziwa hayafai kuogea mtu siku hiyo hiyo uliyoyachota. Vimelea vya kichocho havimalizi siku mbili visipopata mwili wa kuingia. Wavuvi walituchotea wakiwa ndani ya mtumbwi, mbali na magugu wanakokaa konokono wanaovitoa vimelea hivyo, tukajaza mapipa ya lita 200, tukayafunika yakae.

Vibanda vilikuwa vya mirunda na turubai, chini chaga za mbao. Bila chaga, mtu wa tatu anaogea topeni. Kila mmoja ndoo ya lita 20, kipande cha sabuni na wembe mpya.

Foleni haikusogea. Anayelala barazani hauachi mzigo wake nje. Akigeuka tu, umekwenda. Mama ntilie wa pale ndiye aliyetegua: kila mtu aingie na salfeti yake, aitundike msumarini anakoiona.

Machanuo ya kinyozi yalilowekwa dakika kumi kwenye Jik, kikombe kimoja cha ile yenye klorini asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji.

“Shikamoo mzee. Nikunyoe vipi?”

“Marahaba. Ndevu ziache.”

Mitumba ya Mlango Mmoja ilitundikwa kambani, watu wachague. Kugawa nguo kwa kurusha juu ya vichwa ni kuwadhalilisha, hata kama nia ni njema. Yule mzee alikataa suruali tatu. Ya nne akazungusha kiuno cha suruali shingoni mwake, ncha zikakutana nyuma, maana yake inamtosha, akaikunja kwapani bila hata kuijaribu. Anayejua mitumba anajua.

Kazi kubwa ilikuwa upele. Muuguzi aliwapaka BBE, dawa ya maji ya upele, wakishakauka, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha, ikae saa 24. Ya watoto aliizimua nusu kwa nusu na maji. Nguo zilizovuliwa zilichemshwa. Alisisitiza mambo mawili: wanaolala boksi moja wapakwe wote siku moja, maana akibaki mmoja wanaambukizwa upya, na muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi hata wadudu wakishakufa, kwa hiyo mtu asijipake kila siku akaunguza ngozi. Vijana wawili wa kundi la sokoni walikuwa kwenye vibarua vya kushusha dagaa, hivyo kundi lao zima likaahirishwa hadi jioni, watakapolipwa.