Indy ya 1993 mezani kwangu

Jamani wiki nzima silali kisa kikompyuta 😅 Ni SGI (Silicon Graphics) Indy, kisanduku bapa cha buluu kama boksi la piza, nimekipata kwa jirani aliyekuwa anahama, yeye alitaka kukitupa!! SGI ndo kampuni ya Jim Clark wa Stanford, mashine zao zilichora 3D wakati PC za kawaida zinahangaika na Windows 3.1, hata OpenGL (njia ya programu kuchora picha za 3D) ilizaliwa kwao 1992. Indy ndo ilikuwa ya bei ya chini kwao, na ilikuja na kamera yake kabisa, 1993 hiyo, wengine hata imeili hatuijui.

Sasa mziki: plagi ya skrini ni 13W3 siyo VGA, nikaagiza adapta, ikaja, skrini nyeusi tii, kumbe Indy inapitisha sinki (ishara ya kupanga picha kwenye skrini) kwenye waya wa rangi ya kijani na skrini yangu haielewi. Nikaazima skrini ya zamani, ikawaka, ule mlio wake ukalia, mke wangu akauliza "baba Asha, ndo nini tena hicho?" Halafu betri iko ndani ya chipu ya saa, ikifa inakufa na anwani ya mtandao. Nimekwangua ile chipu nikaunga betri ya kidonge ya volti 3 kwa nje, mikono inatetemeka kweli.

Baadaye SGI wakaleta mashine za O2 na Octane, ila PC zenye kadi za michoro za bei chee zikawala taratibu, mwisho wa 2006 wakaacha kutengeneza hizi zenye prosesa za MIPS. Majengo yao Mountain View wanakaa Google sasa.

Mwenye CD za IRIX 6.5 (mfumo endeshi wa mashine hizi) anicheki inbox.