Arabisi ya Roshani

Baridi ya kwanza niliyokutana nayo Innsbruck, mji wa milimani huko Austria, mwaka 2016, ilinifanya nihurumie chochote kilichobaki nje. Miche yangu miwili ya arabisi, ua la milimani linaloitwa kitaalamu Arabis alpina, niliiingiza ndani mwezi Oktoba tu nikaiweka dirishani, juu ya bomba la kupasha joto. Kila asubuhi niliyapapasa majani yake. Yana manyoya mafupi ya kijivu, kama sikio la mwanambuzi. Halafu namwagilia. Nimekulia Marangu, ambako mfereji haukauki. Kunywesha ndiyo namna niliyofundishwa ya kutunza.

Mmoja ulifia kwenye sahani yenye maji yaliyotuama. Shina lililainika, na nilipoupindua mkebe mizizi ilitoka myeusi, inanuka tope. Wa pili ulifika masika ukiwa hai, lakini mrefu, mlegevu, bila hata ua moja.

Bibi wa ghorofa ya chini aliutazama akaniuliza swali moja tu: "Mche huu ulilala wapi wakati wa baridi?" Nilipomwonyesha dirisha alishika kichwa. Kwao milimani, alisema, mmea huu unaota kwenye nyufa za mawe ya chokaa, maji yakipita hayakai, na theluji inaufunika miezi mingi. Nikaelewa theluji kwake ni kama matandazo tunayoweka kwenye shina la mgomba.

Basi nikaupanda upya. Udongo nusu, nusu nyingine mchanga mnene na kokoto ndogo. Shingoni nikauzungushia changarawe ili majani yasilale kwenye unyevu. Novemba 2017 nikautoa nje jioni, nje kukiwa nyuzi sita chini ya sifuri. Usiku ule nilifunua pazia mara nne. Kufikia Januari palikuwa na kichuguu cheupe tu pale roshani.

Nikampigia baba. Amebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka mingi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko hamjaganda?"

Nikamweleza kwamba mmea wangu upo hata kwenye mlima wetu. Siyo unaofanana nao, ni huo huo. Watafiti waliosoma jeni zake walionyesha mwaka 2006 kuwa ulianzia Asia Ndogo, Uturuki ya leo, ukasambaa kwa njia mbalimbali hadi Ulaya na hadi milima mirefu ya Afrika Mashariki. Nilimuuliza kama amewahi kuuona: maua madogo meupe, mawe mawe.

"Mwenye mzigo kichwani haangalii maua," akasema. "Anaangalia anapokanyaga."

Theluji ilipoyeyuka niliukuta mche umelala chini, majani yamejikunja, nikaona nimeuua. Sikuugusa, maana bibi alinikataza. Katikati ya Aprili ukachanua. Petali nne, zimekaa msalaba, kama ua la sukuma wiki iliyoachwa shambani kwa mama ikapitiliza. Na kweli ni ukoo mmoja, ukoo wa kabichi. Mashina mengine yalibaki na majani tu. Baadaye nilisoma kwamba wanasayansi wa Köln, Ujerumani, walieleza jambo hili mwaka 2009: ndani ya mmea mna jeni inayozuia maua mpaka baridi ndefu ipite, kisha inarudi kazini, ndiyo maana mashina mengine yanasubiri mwaka unaofuata. Mimi nilikuwa nimeunyima baridi hiyo kwa huruma yangu.

Nikamtumia baba picha. Alipiga mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Haya nayajua," akasema. "Yalikuwa kwenye jiwe, pale tulipokuwa tunatua mizigo tunywe maji." Akanyamaza kidogo. "Umeyamwagilia leo?"

"Bado, baba. Nimetia kidole, udongo una unyevu."